Mtunzaji Aliyejibu "Nipo"

Jibu liliingia Jumatatu, saa mbili na dakika nne asubuhi, na lilikuwa neno moja tu: Nipo.

Jibu la namna hiyo halimshtui mtu. Asubuhi ile peke yake yalikuwa yameingia tisa, yote yanafanana. Ofisi ile ilikuwa inatengeneza mfumo wa kompyuta, ule wa chini kabisa unaoiwezesha mashine kuamka, kuandika, kuchapa na kuzungumza na mashine nyingine. Hospitali zilikuwa zinautumia, na shule, na maktaba. Mfumo wenyewe ni vipande vipande. Kila kipande kinaitwa kifurushi, na kila kifurushi kina mtu wake, mtunzaji, ambaye jina lake liko kwenye orodha. Toleo jipya likikaribia, mashine inawatumia watunzaji wote wito: Je, bado unavitunza vifurushi vyako? Mtu anajibu Nipo, anaendelea na kazi zake. Asiyejibu kwa siku saba jina lake linafutwa, na vifurushi vyake vinatolewa. Hakuna kubembelezana.

Shida ni kwamba jibu hili lilitoka kwa Sindano, na Sindano walikuwa wamemzika miezi miwili iliyopita.

Bi Mwongozo alilisoma mara moja, akanywa maji, akaendelea na alichokuwa anafanya. Ndivyo walivyomwita pale kazini, kwa sababu yeye ndiye aliyesahihisha miongozo, zile kurasa zinazomweleza mtumiaji kila kitu kina kazi gani na kina kasoro gani. Sindano alikuwa mume wake. Wembamba ndio uliompa jina hilo, naye alilipenda kiasi cha kuliandika kwenye orodha. Tangu siku ya mazishi Bi Mwongozo hakuwa amelia. Hata tone. Watu walimsubiri alie, wakachoka, wakaenda makwao. Ndani yake palikuwa kimya kama ofisi siku ya Jumapili, na yeye akaishi humo humo. Akapika, akafua, akampeleka mtoto shule, akarudi.

Orodha ya watunzaji ni sehemu ya mwongozo, kwa hiyo kulifuta jina la marehemu ilikuwa kazi yake. Fomu yenyewe fupi. Unachagua jina, halafu unachagua sababu: Amejiuzulu. Hapatikani. Amefariki. Mara nne aliifungua, na mara nne mkono ukagoma pale kwenye sababu. Mwisho akasema potelea mbali, siku saba zikipita mashine itamfuta yenyewe. Jumatatu ile ilikuwa siku ya saba.

Alidhani mkuu wa matoleo ndiye aliyejibu badala ya marehemu, kwa huruma. Huyo walimwita Bwana Tarehe, maana hata ukimsalimia anakujibu siku zilizobaki. Naye Bwana Tarehe, kumbe, alidhani mjane ndiye aliyejibu, kwa uchungu, akaona si ustaarabu kumuuliza. Wakapishana kwenye korido, kila mmoja akimwonea mwenzake imani, na hakuna aliyefungua mdomo. Laiti wangeulizana siku ile! Lakini ndiyo hivyo, hawakuulizana.

Jumanne vifurushi vya Sindano vikaanza kuingia. Vilikuwa kumi na kimoja, vyote vimeboreshwa, vimefungwa vizuri, havina kosa hata moja. Bwana Tarehe alivipokea akifuta jasho la furaha. Mtu mwenye toleo la Ijumaa saa sita mchana haulizi zawadi imetoka wapi.

Kifurushi kinakuja na kurasa zake za mwongozo. Kila ukurasa una sehemu nne: Jina, Matumizi, Kasoro Zinazojulikana, Mtunzaji. Ukurasa haupiti mpaka mhariri augonge muhuri wa Imesomwa, na ukishapita, kasoro zake zinahesabiwa kuwa zimerekebishwa. Zamani Bi Mwongozo alikuwa anasoma mpaka nukta. Wenzake walimtania kwamba hata barua ya mapenzi angemrudishia mume wake aweke mkato. Jumanne ile aligonga kurasa sitini na mbili kwa mchana mmoja, macho yako ukutani. Unafungua, unagonga. Unafungua, unagonga.

Jioni akarudi nyumbani. Mlango wao wa jikoni ulikuwa mbishi tangu walipohamia, haufunguki mpaka uusukume kwa goti. Akausukuma kwa goti kama siku zote, akaingia mzimamzima, nusura aangukie meza.

"Nani katengeneza mlango?" aliuliza.

"H-h-hakuna mtu, mama," alisema binti yake wa miaka tisa, ambaye walimwita Chiriku kwa sababu kigugumizi hakikuwahi kumnyamazisha. "Mchana u-ulikuwa umekwama. Halafu ukaacha tu."

Nje jua lilikuwa bado kali na mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu, lakini jikoni palinuka udongo uliomwagiwa maji. Bi Mwongozo alifungua dirisha, akabandika sufuria. Chiriku akamuuliza swali lake la kila jioni, "Mama, b-baba yuko wapi sasa hivi? S-sasa hivi hii?" Akamjibu kama kila jioni kwamba hajui, wakala.

Bibi, mama yake Sindano, alikuwa anaishi nao. Kila asubuhi goti lake la kulia lilikuwa linalia ko! akiinuka kitandani, na Chiriku alikuwa anasema goti la bibi linapiga hodi. Baada ya goti ilikuwa inafuata sauti: "Baba, umeamka?" Ndivyo alivyokuwa akimwita mwanawe tangu mdogo, na alikuwa hajaacha kumwita hata baada ya kumzika. Kisha alikuwa anasahau chai motoni mpaka iungue. Jumatano goti halikulia. Bibi alikuja sebuleni amenyooka, akaweka chai mezani, haikuungua.

"Shikamoo, mama. Umelalaje?"

"Marahaba. Nimelala."

"Leo hujamwita."

"Nani?"

"Mwanao."

"Mwanangu amekufa," alisema Bibi, kama anayemjibu mtu aliyeuliza saa. "Kunywa chai."

Walipofika nje Chiriku alimvuta mama yake mkono, akamnong'oneza. "Mama, y-yule si bibi."

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Goti lake halipigi ho-hodi. Na amenikumbatia, mama. Hana jo-joto."

Bi Mwongozo alimfikisha shule, akaenda kazini, akaketi. Hakujua kwa nini alizifungua kurasa alizozigonga jana. Labda ni mkono tu wa mtu aliyezoea kusahihisha. Alizisoma moja moja, safari hii mpaka nukta, na ule wa arobaini na tatu ulikuwa hivi:

Jina: Mlango wa jikoni. Matumizi: kuingia na kutoka. Kasoro zinazojulikana: hukwama, husukumwa kwa goti. Imerekebishwa. Mtunzaji: Sindano.

Chini yake muhuri: Imesomwa, Bi Mwongozo. Akafungua wa arobaini na nne.

Jina: Bibi. Matumizi: kukaa na mtoto. Kasoro zinazojulikana: goti la kulia hulia, husahau chai, humwita marehemu. Imerekebishwa. Mtunzaji: Sindano.

Na huo pia aliugonga yeye mwenyewe, kwa mkono wake, akiangalia ukuta.

Ukurasa wa tatu wa namna hiyo ulikuwa umeingia asubuhi ile na ulikuwa bado unasubiri muhuri. Jina: Chiriku. Matumizi: bado hayajulikani. Kasoro zinazojulikana: kigugumizi, hulala na shati la baba, huuliza maswali yasiyo na majibu. Mtunzaji: Sindano.

Akaukataa. Ukatoka, ukarudi. Akaukataa tena, ukarudi ukiwa na alama ya udhamini pembeni, na hapo ndipo alipokumbuka sheria waliyojiwekea wenyewe miaka iliyopita, walipochoshwa na wahariri wavivu: ukurasa usiogongwa muhuri, mtunzaji wake akiudhamini mara mbili, unapita wenyewe toleo likitoka. Udhamini wa kwanza ulikuwa umeshaingia. Toleo lilikuwa linatoka Ijumaa saa sita mchana.

Alitambua kwamba anaogopa. Ilikuwa hisia yake ya kwanza kwa miezi miwili, na hata yenyewe ilikuja na ganzi, kama mguu ulioukalia muda mrefu.

Ndipo aliposikia sauti upande wa dirishani, kwenye meza ya Sindano, ambayo hakuna aliyeikalia na kibodi yake ilikuwa bado imefunikwa nailoni: tak, tak, taka-tak, halafu TAK, ule mpigo wa mwisho alioupiga kwa nguvu kila alipomaliza mstari, mpaka wenzake wakawa wanamuuliza kitufe hicho kimemkosea nini. Nailoni ilikuwa inabonyea, kitufe kimoja kimoja, na chumba kizima kilinuka udongo mbichi.

Alikwenda kwa Bwana Tarehe, akafunga mlango.

"Ulimjibia Sindano wito?"

"Mimi?" Bwana Tarehe alishusha sauti. "Shemeji, mimi nilidhani ni wewe."

Walitazamana. Bi Mwongozo akamweleza, kwa sauti ya chini, bila kuongeza wala kupunguza. Mtu yule ambaye hakuwahi kuahirisha hata likizo yake alisema, "Tarehe ipotelee mbali," akaandika toleo litoke wiki ijayo. Wakakaa wanaangalia. Tarehe ikajifuta mbele ya macho yao, ikarudi Ijumaa, saa sita.

"Mungu wangu," alisema Bwana Tarehe. "Kuna mama mmoja anashona sare za shule. Alimtoa dada yangu pepo. Twende kesho, usimwambie yeyote."

Mama mshonaji aliwapokea Alhamisi akiwa cherehanini, akawasikiliza bila kuacha kupiga pedeli. Hakuvaa chochote cha ajabu, na shingoni alikuwa na utepe wa kupimia. Bi Mwongozo alipofika kwenye lile neno Nipo, pedeli ikasimama.

"Aliitwa na nani?" aliuliza.

"Mashine. Inawaita wote."

"Kwa jina la marehemu?"

"Jina lilikuwa bado kwenye orodha."

"Sasa mlitegemea nini?" Mama mshonaji aliwakazia macho wote wawili, amekasirika kweli. "Mtu akifa, jina lake nalo linapumzika. Nyie mmeliacha limesimama mlangoni, halina mwenyewe, halafu mkaliita siku saba mfululizo. Kuna wanaozunguka humu duniani hawana jina, wanatafuta wapi pa kuingia. Huyo hakuvunja mlango. Mlimkaribisha."

"Anataka nini kwa mwanangu?"

"Anachotaka fundi yeyote. Kutengeneza. Kwake yeye mtu ni kitu kibovu." Akauvuta utepe shingoni, akaushika mikononi. "Mfute kwa mkono wako. Useme kwa mdomo amekufa, sauti isikike, maana hujawahi kulisema, nakuona usoni. Na kila alichokiandika kwa jina hilo kitupe. Vyote. Ukibakiza kimoja, hata kidogo namna gani, atakifuata mpaka kwenye jina la atakayekichukua. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Hujanisikia," alisema mama mshonaji, "lakini nenda."

Ijumaa, saa tano na nusu, Bi Mwongozo aliketi mbele ya fomu. Bwana Tarehe alisimama nyuma yake, wafanyakazi wengine amewatoa nje kwa kisingizio cha kupuliza dawa ya mende. Akachagua jina: Sindano. Kwenye meza ya dirishani vitufe vikaanza, polepole kwanza, kama mtu anayetafuta maneno, na kwenye skrini yake, juu ya fomu, likaandikwa Nipo. Akalifuta. Nipo. Akalifuta. Nipo, Nipo, na harufu ya udongo ikawa nzito mpaka Bwana Tarehe akaziba pua kwa shati, na feni ya mashine ikapanda sauti kama inayopandisha kilima na mzigo, na nailoni ya kibodi ikapasuka, na katikati ya mitak-tak ile isiyopumua alisikia kiti cha mume wake kikilia kwa uzito wa mtu anayejiegemeza nyuma, kilio kile kile alichokisikia miaka kumi na miwili, na mkono wake ukasimama juu ya zile sababu tatu palepale uliposimama mara nne kabla, na saa ya ukutani ikasema bado dakika tisa, na udhamini wa pili wa ukurasa wa Chiriku ukaingia.

"Shemeji," alinong'ona Bwana Tarehe. "Shemeji, tafadhali."

"Amekufa," alisema Bi Mwongozo. Sauti ilitoka kavu. "Mume wangu amekufa. Niliwaona wakimfukia."

Akachagua Amefariki.

Vitufe vikakoma. Lakini fomu ilikuwa haijaisha. Kwa kila kitu cha mtunzaji aliyefutwa inauliza: Kiachwe, au kichukuliwe na nani? Vitu vilikuwa kumi na vinne. Kifurushi cha kwanza: Kiachwe. Cha pili: Kiachwe. Alikwenda haraka, kumi na kimoja vyote, toleo likitobolewa mashimo na Bwana Tarehe akisema twende, twende. Mlango wa jikoni: Kiachwe. Bibi: kidole kikasita, lakini akasema moyoni mama nisamehe, akabonyeza. Cha kumi na nne kikaja. Chiriku. Kiachwe, au kichukuliwe na nani?

Mtoto alikuwa ameshampoteza baba. Leo mama yake mzazi akae, kwa mkono wake mwenyewe, aandike kwamba aachwe? Zilibaki dakika mbili. Hakufikiri. Aliandika Bi Mwongozo, akabonyeza, na saa sita ikafika.

Toleo likatoka. Feni ikashuka. Chumba kikanuka vumbi na kahawa ya jana, harufu zake za siku zote, na Bwana Tarehe akaketi sakafuni akalia kama mtoto, bila aibu.

Jioni ile mlango wa jikoni ulikwama. Bi Mwongozo alisimama mbele yake muda, kisha akausukuma kwa goti, ukafunguka kwa kelele zake. Ndani chai ilikuwa inaungua. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka, akainuka kumpokea, na goti likasema ko!

"Mkwe wangu," alisema Bibi, macho yamevimba. "Mwanangu harudi tena, ee? Harudi?"

"Harudi, mama."

Chiriku akaja mbio akiburuza shati la baba yake. "M-m-mama! B-bibi amerudi!"

Hapo ndipo Bi Mwongozo alipolia. Yalimtoka bila kwikwi wala kelele, yakamwagika tu, na wale wawili wakamkumbatia, Bibi akisema lia, mwanangu, lia, tulikuwa tunakusubiri. Alilia Jumamosi akifua. Alilia Jumapili akikunja nguo. Alijisemea kwamba mtu aliyekaa miezi miwili bila kulia lazima yamtoke mengi.

Jumatatu Bwana Tarehe alimpokea mlangoni, amenyoa, anacheka. "Shemeji, wewe nawe! Ofisi imefungwa, mtu unajibu wito Jumamosi?"

"Wito gani?"

"Wa watunzaji wapya. Umechukua ukurasa, mashine ikakuita. Ukajibu hapo hapo."

"Jumamosi nilikuwa nafua," alisema Bi Mwongozo.

Kicheko cha Bwana Tarehe kikabaki usoni, hakina pa kwenda. Bi Mwongozo alimpita, akaketi, akafungua orodha. Mbele ya jina lake palikuwa na neno moja: Nipo. Chini ya jina hilo kulikuwa na kurasa mbili, na wa kwanza hakuwahi kuuona.

Jina: Bi Mwongozo. Matumizi: kuandika, kusahihisha, kulea. Kasoro zinazojulikana: hajalia tangu mazishi. Imerekebishwa, Ijumaa, saa sita na dakika moja. Mtunzaji: Bi Mwongozo.

Alijigusa shavu. Lilikuwa limelowa, na hakuwa amejua. Akajitafuta ndani, akiita huzuni, akiita hofu, akiita chochote, na humo mlikuwa kimya kama mwanzo.

Akafungua wa pili. Jina: Chiriku. Kasoro zinazojulikana: kigugumizi, hulala na shati la baba, huuliza maswali yasiyo na majibu. Imerekebishwa, leo, saa tatu na dakika kumi. Imesomwa: Bi Mwongozo. Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na dakika ishirini.

Simu yake ikalia. Ilikuwa namba ya mwalimu.

"Mama," ilisema sauti ya Chiriku, "mwalimu ameniruhusu nikupigie. Nimesoma mbele ya darasa zima, ukurasa mzima. Sijakwama hata mara moja."

Bi Mwongozo alisikiliza kila neno, akisubiri mahali litakapojikwaa. Hakuna lililojikwaa.

"Mwanangu," aliuliza, "baba yuko wapi sasa hivi?"

"Baba amekufa, mama. Narudi darasani."

Simu ikakatika. Bwana Tarehe alikuwa amesimama mlangoni, hathubutu kuingia, anauliza kwa kunong'ona kuna nini, shemeji, kuna nini. Bi Mwongozo akageuka amjibu. Machozi yalikuwa yanamtoka vizuri, mengi, bila kukwama, na ndani yake hakuhisi kitu.